Kukopa ili ufanye kazi: ajira ya mwanafunzi wa chuo kikuu anayetoka Handeni na Korogwe

Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na vyuo vikuu yanapotoka, familia nyingi za Handeni na Korogwe, mkoani Tanga, hukaa chini kupiga hesabu. Ada ni kiasi gani, Bodi ya Mikopo itatoa kiasi gani, mahindi yataleta nini, na pengo litakalobaki litazibwa na nani. Swali hili la mwisho hujibiwa haraka: akifika huko atajitafutia vibarua. Jibu hilo limebeba matumaini ya kweli, na kwa sababu hiyo linastahili kuchunguzwa kwa utulivu. Vyuo vyetu havikupangwa kwa kutarajia kwamba mwanafunzi atafanya kazi ya kulipwa. Vimepangwa kwa kutarajia kwamba atafanya kazi, tena nyingi, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hatalipwa.

Tuanze na jiografia, maana ndiyo inayoufanya mzigo huu uwe mzito kwa watu wa wilaya hizi mbili. Korogwe ina chuo cha ualimu cha siku nyingi. Handeni ina Chuo cha Maendeleo ya Wananchi. Chuo kikuu hakuna. Chuo Kikuu Mzumbe kinajenga kampasi Mkinga kupitia mradi wa serikali wa kuboresha elimu ya juu, lakini Mkinga nayo iko upande wa pili wa mkoa. Kijana wa Mkata, Chanika, Mombo au Magoma anayetaka shahada hupanda basi kwenda Dodoma, Morogoro, Dar es Salaam, Moshi au mbali zaidi. Mwenzake aliyezaliwa Mbagala, Dar es Salaam, akikosa hela ya chakula hurudi nyumbani jioni akala. Huyu wetu hawezi. Kila shilingi anayopungukiwa lazima aipate palepale alipo, kwa mkopo, kwa kuazima au kwa kufanya kazi.

Bumu na dhana iliyo nyuma yake

Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ikaanza kazi Julai 2005. Kabla yake kulikuwa na sera ya kuchangia gharama iliyoingia miaka ya mwanzo ya 1990, na kabla ya sera hiyo serikali ilibeba karibu kila kitu. Leo mkopo hugawanywa kwa mafungu: ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya fani, utafiti, na mafunzo kwa vitendo. Fungu la chakula na malazi ndilo wanafunzi wanaloliita bumu. Kuanzia mwaka wa masomo 2022/23 ni shilingi 10,000 kwa siku, kutoka 8,500 ya awali, na hutolewa kwa awamu.

Kiwango hiki kimejengwa juu ya dhana moja: mwanafunzi ni mtu wa kusoma tu, hana anayemtegemea, wala hana jambo jingine litakalogusa fedha hiyo. Maisha hayafuati dhana hiyo. Bumu likiingia, sehemu hulipa deni la mama lishe aliyemkopesha chakula awamu ilipochelewa. Sehemu hulipa kodi ya chumba nje ya chuo, kwa sababu hosteli hazitoshi na si kila mtu atapata wa kubebana naye kitanda kimoja. Sehemu hurudi Handeni kwa simu, kumnunulia mdogo wake sare za shule. Mwanafunzi asiyepata mkopo kabisa, au aliyepata asilimia ndogo, huanza akiwa hana hata cha kugawa.

Hapo ndipo kazi inapoingia, na hapo inafaa kuhesabu saa kabla ya kuhesabu fedha. Kwa utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, uniti moja ya masomo ni saa 10 za kujifunza, zikiwemo za darasani, za maktaba na za kazi binafsi. Mwaka mmoja wa shahada ya kwanza una uniti 120, yaani saa 1,200. Ukizigawa kwa wiki 30 hadi 34 za mihula miwili, unapata kati ya saa 35 na 40 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamruhusu mtu mzima kufanya saa 45 za kawaida kwa wiki. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma inavyotakiwa tayari ana wiki inayokaribia ya mfanyakazi kamili. Akiongeza saa 10 za kibarua bado anapumua. Akiongeza 20, anafanya wiki ya saa 55 hadi 60. Akiongeza 30, kitu kimoja lazima kianguke, na mara nyingi kinachoanguka ni masomo, kwa sababu tumbo haliahirishwi.

Kazi wanazofanya

Ukiwauliza wanafunzi wenyewe, kazi zao zinaangukia makundi manne.

Kundi la kwanza ni vibarua vya nje ya geti. Wapo wanaotaipu na kuprinti kwenye steshenari, wanaokaa kwenye vibanda vya uwakala wa fedha, wanaofundisha tuisheni watoto wa mtaani, wanaosuka nywele vyumbani, wanaouza mitumba kwenye makundi ya simu, na wanaoendesha bodaboda kama deiwaka mwenye pikipiki anapopumzika. Kazi hizi zina faida moja kubwa: hakuna anayeuliza cheti. Hasara yake ni kwamba hakuna anayeandika chochote. Mwenye steshenari akisema mwezi huu biashara mbaya, mwanafunzi hana pa kushika.

Kundi la pili ni kazi za msimu zinazohitaji mtu anayejua kusoma dodoso. Sensa ya Agosti 2022 iliwachukua vijana wengi nchini kama makarani. Uboreshaji wa daftari la wapiga kura huwachukua wengine, na tafiti nazo zina nafasi zake. Korogwe ina historia nzuri hapa, kwani kituo cha utafiti wa malaria cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) kilikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi saba za Afrika vilivyoshiriki jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S, lililoanza mwaka 2009. Utafiti wa ukubwa huo hauendeshwi na madaktari peke yao. Unahitaji watu wa kutembelea kaya, kujaza fomu na kuingiza takwimu. Kazi hizi hulipa vizuri kuliko steshenari na zinajenga ujuzi. Tatizo ni ratiba: sensa haisubiri mitihani iishe, na anayepata nafasi ni yule aliyesikia tangazo mapema au aliye na mtu wa kumpigia simu.

Kundi la tatu ni kazi ndani ya chuo chenyewe, na hili ndilo dogo kuliko yote. Mhadhiri mwenye mradi anaweza kumchukua mwanafunzi wake akusanye takwimu. Serikali ya wanafunzi ina nafasi chache za uongozi. Zaidi ya hapo, kazi za kila siku za chuo hufanywa na watumishi wa kudumu au hupewa kampuni za usafi na ulinzi. Chuo chenye maelfu ya vijana wenye shida ya fedha kinanunua saa za kazi kila siku, na karibu hakuna saa hata moja inayonunuliwa kutoka kwao.

Kundi la nne linasahaulika kwa sababu linaenda kinyume: mfanyakazi anayesoma. Mwalimu wa sekondari Handeni au muuguzi wa Korogwe aliyejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na chenye kituo Tanga, ni mwanafunzi wa chuo kikuu sawasawa na yule wa Dodoma. Yeye ana mshahara. Anachokosa ni muda, pamoja na ruhusa ya mwajiri siku za mitihani. Ukiwatazama hawa wawili kwa pamoja unaona kasoro ya mpango wetu: tuna njia ya anayesoma bila kazi, na tuna njia ya mwenye kazi anayejiibia muda wa kusoma. Njia ya katikati, ya kijana anayesoma kikamilifu na kufanya kazi saa chache kwa kanuni zinazojulikana, hatujaijenga.

Fildi: siku 56 za kukopa

Kazi kubwa kuliko zote anayoifanya mwanafunzi haimo hata katika makundi hayo, kwa kuwa haihesabiwi kuwa kazi. Ni mafunzo kwa vitendo, yaani fildi, na kwa walimu ni mazoezi ya kufundisha. Hapa Handeni na Korogwe zinahusika moja kwa moja, kwa sababu wanafunzi wengi huomba fildi nyumbani ili kuokoa kodi ya chumba.

Utaratibu unajulikana. Mwanafunzi anapewa barua ya utambulisho na chuo. Anaipeleka kwa mkurugenzi wa moja ya halmashauri nne za wilaya hizi mbili, yaani Handeni Mji, Handeni Wilaya, Korogwe Mji au Korogwe Wilaya, au anaipeleka hospitali, shule au kampuni. Akikubaliwa anapangiwa idara na msimamizi. Kila siku anajaza logibuku, na msimamizi anasaini. Mhadhiri huja kumkagua. Mwisho anaandika ripoti na kupewa alama.

Tuangalie kinachofanyika ndani ya wiki hizo. Mwanafunzi wa ualimu wa hisabati akipangiwa shule ya kata isiyo na mwalimu wa hisabati, hafanyi mazoezi pembeni ya mwalimu. Yeye ndiye mwalimu. Anaandaa somo, anafundisha vipindi, anasahihisha, anashika zamu. Mwanafunzi wa uhasibu hupanga hati za malipo zilizorundikana. Mwanafunzi wa maendeleo ya jamii huzunguka vijijini kukagua vikundi vya mikopo. Ofisi inapata nguvu kazi, na wakuu wengi wa idara watakiri kwamba msimu wa fildi ndio msimu wa kumaliza viporo.

Nani analipa? Kwa aliye na mkopo, fungu la mafunzo kwa vitendo ni shilingi 10,000 kwa siku kwa siku zisizozidi 56, yaani shilingi 560,000 kwa ukomo wake. Fedha hiyo ni deni. Akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe. Mwaka 2021 serikali iliondoa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo pamoja na adhabu ya asilimia 10 ya kuchelewa, na hilo lilikuwa jambo jema, lakini deni lenyewe liko palepale. Kwa lugha ya wazi, kijana anakopa ili aweze kwenda kufanya kazi bila malipo katika ofisi ya umma. Asiye na mkopo anatoa nauli yake kwenye gunia la mahindi la mama yake.

Fildi ina faida, tena kubwa. Ujuzi wa darasani bila kugusa kazi ni nusu ya ujuzi, na anayejifunza humgharimu anayemfundisha muda na subira. Ofisi inayompokea mwanafunzi mwaka wa kwanza huenda ikapoteza kuliko inavyopata. Lakini mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayefundisha vipindi kamili kwa wiki nane ameshavuka mstari huo. Haki ni kutofautisha hatua hizi mbili, na utaratibu wa sasa hauzitofautishi.

Korogwe ni mji uliokulia kwenye mkonge, na wazee wa Ngombezi, Magunga na Hale wanakumbuka simulizi za manamba, vibarua walioletwa kutoka mbali enzi za ukoloni. Hesabu ya siku zao za kazi iliandikwa kwenye kadi iliyoitwa kipande, na malipo yalisubiri kadi ijae. Ulikuwa mfumo mkali na wa unyonyaji. Hata hivyo ndani yake kulikuwa na jambo moja ambalo mwanafunzi wetu hana: siku iliyosainiwa ilikuwa na bei. Logibuku inasainiwa kwa wiki nane, na bei yake ni alama ya mtihani.

Wazo hili lilitoka wapi

Kuona kazi ya msomi kuwa deni kwa taifa hakukuanza na Bodi ya Mikopo. Tarehe 22 Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga kulazimishwa kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mpango ulikuwa wakae kambini miezi mitano, kisha wafanye kazi miezi 18 wakipokea asilimia 40 tu ya mshahara. Mwalimu Nyerere aliwafukuza karibu 400, na palepale akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Machi 1967 ikaja Elimu ya Kujitegemea, iliyotaka shule iwe na shamba na mwanafunzi ashike jembe. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likaenda mbali zaidi: kijana amalize kidato cha sita, afanye kazi kwanza, ndipo aingie chuo kikuu akiwa na pendekezo la mahali alikofanya kazi.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa na uzito. Mkulima wa Handeni ambaye hakusoma alikuwa ndiye anayemlipia msomi, kwa hiyo msomi alimdai nani? Alidaiwa. Lakini hoja hiyo ilisimama juu ya nguzo mbili. Ya kwanza, serikali ilimlisha mwanafunzi na kumsomesha bure. Ya pili, ajira ilimsubiri alipomaliza. Nguzo zote mbili zimeondoka. Mwanafunzi wa leo anachangia gharama kwa kukopa, na ajira anaitafuta kwa miaka. Kilichobaki ni desturi ya kumchukulia kuwa mtu anayedaiwa kazi. Wajibu umebaki upande mmoja tu.

Sheria inasema nini

Wanafunzi wengi hudhani kwamba kwa kuwa ni wanafunzi, sheria za kazi haziwahusu. Si kweli. Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inaorodhesha mazingira ambamo mtu huchukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Moja ya mazingira hayo ni kumfanyia mtu kazi kwa wastani wa angalau saa 45 kwa mwezi ndani ya miezi mitatu iliyopita. Hizo ni saa 10 na ushee kwa wiki. Mwanafunzi anayekaa kwenye kibanda cha uwakala jioni tatu kwa wiki, saa nne kila jioni, anavuka kiwango hicho. Kukosa mkataba hakumfanyi kuwa mpita njia.

Akishakuwa mwajiriwa ana haki ya kupewa maelezo ya kazi yake kwa maandishi na kulipwa si chini ya kima cha chini cha sekta yake. Amri za Kima cha Chini cha Mshahara hupanga viwango kwa mwezi, kwa wiki, kwa siku na kwa saa, kwa hiyo hakuna sababu ya kusema kazi ya saa chache haina bei rasmi. Kodi nayo si kikwazo, kwa kuwa kipato kisichozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hakikatwi kodi ya mshahara. Upungufu upo sehemu moja muhimu: kinga dhidi ya kuachishwa isivyo haki haimfikii aliyefanya kazi chini ya miezi sita kwa mwajiri mmoja. Kibarua cha muhula mmoja hubaki nje ya kinga hiyo. Ndiyo maana maandishi yana maana kubwa kwa mwanafunzi kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Hata ujumbe wa simu unaotaja saa na malipo ni ushahidi mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Wenzetu wamefanyaje

Nchini Kenya, vyuo kama Nairobi na Kenyatta vina mpango wa kazi na masomo: mwanafunzi mwenye shida huomba, huchujwa, hupewa kazi maktaba, ofisini au bwaloni kwa saa zilizowekewa mpaka, na hulipwa. Chuo cha Waadventista cha Baraton, katika kaunti ya Nandi, kimeifanya kazi ya mikono kuwa sehemu ya malezi ya chuo. Kenya hiyohiyo inatuonyesha pia kinachotokea nafasi za halali zisipotosha. Vijana wengi wasomi wa Nairobi na Eldoret waligeukia kuwaandikia insha na ripoti wanafunzi wa Uingereza na Marekani kwa malipo. Akili iliyosomeshwa kwa jasho la wazazi ikauzwa gizani, bila jina, ili mwingine apate shahada.

Marekani ina mifano miwili ya kutazama. Chuo cha Berea, Kentucky, kilichoanzishwa mwaka 1855, hakijawatoza wanafunzi wake ada tangu mwaka 1892, na kila mwanafunzi hufanya kazi angalau saa 10 kwa wiki chuoni. Hakuna wa kudharauliwa kwa kushika ufagio, kwa sababu wote wanafanya kazi. Mfano wa pili ni mpango wa serikali kuu ulioanza mwaka 1964, ambamo serikali hulipa sehemu kubwa ya ujira na chuo kumalizia. Una kanuni moja ya busara: mwanafunzi haruhusiwi kuchukua nafasi ya mfanyakazi aliyepo. Wanafunzi wa kigeni walioko Marekani, wakiwemo Watanzania, hawaruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, na Uingereza ina mpaka kama huo kwa wanaosoma shahada.

Ukiipanga mifano hii pamoja unaona mambo manne yanayojirudia kila mahali palipofanikiwa: saa zina mpaka, malipo yanajulikana mapema, wenye shida hutangulia, na kazi inafanyika karibu na darasa. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji utajiri wa Marekani.

Kinachowezekana

Kwa upande wa vyuo, hatua ya kwanza ni kuorodhesha saa za kazi ambazo chuo tayari kinazinunua au kinazihitaji na hazipatikani. Meza ya maktaba saa za usiku, maabara ya kompyuta, kuwasomea na kuwaandikia wenzao wenye ulemavu wa macho, usajili wa mwaka wa kwanza, kuingiza kumbukumbu za karatasi kwenye kompyuta, mashamba ya mafunzo kwa vyuo kama Sokoine cha Morogoro. Hatua ya pili ni kuweka mpaka wa saa 10 kwa wiki, unaolingana na hesabu ya uniti tuliyoifanya. Hatua ya tatu ni kuwapa kipaumbele wenye shida, na taarifa zao zipo tayari kwa sababu Bodi ya Mikopo huwachambua waombaji kwa uwezo wa familia. Malipo yaingie mkononi mwa mwanafunzi, si kwenye ada peke yake, kwa kuwa njaa ya Jumanne haitulizwi na salio la ada.

Yapo mapingamizi ya haki. Moja ni kwamba wanafunzi watawaondoa wafagizi na walinzi, ambao nao wana watoto wa kusomesha, pengine hapohapo chuoni. Pingamizi hilo ni zito, na jibu lake ni kanuni ya kutochukua nafasi ya aliyepo: wanafunzi wapewe saa mpya na zile ambazo hazina mtu. La pili ni kwamba kazi itashusha ufaulu. Itashusha ikivuka mpaka, na leo mpaka haupo kabisa, kwa sababu mwanafunzi anayekesha kwenye steshenari hahesabiwi na mtu yeyote. Kazi ya chuo inayosimama wakati wa mitihani humlinda kuliko kibarua cha mtaani.

Kwa upande wa Handeni na Korogwe, ninaamini halmashauri zinaweza kutangulia bila kusubiri sera ya taifa. Mabaraza ya madiwani yana uzoefu wa kutenga fungu la vijana, kwani asilimia 10 ya mapato ya ndani hukopeshwa kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Tuchukue mfano wa hesabu: halmashauri ikimpa mwanafunzi wa fildi wa mwaka wa mwisho shilingi 5,000 ya nauli na chakula kwa siku 40 za kazi, ni shilingi 200,000. Kwa wanafunzi 50 ni milioni 10 kwa mwaka. Pamoja na fedha hiyo, orodha ya nafasi itangazwe kwenye mbao za kata miezi miwili kabla, ili mtoto wa Kwamsisi aione siku ileile anayoiona mtoto wa mtumishi wa makao makuu. Mashamba ya mkonge, vituo vya utafiti na hospitali za binafsi zinaweza kufanya vivyo hivyo, na zenyewe ndizo zitakazopata nafasi ya kwanza ya kuwachagua walio bora.

Familia nazo zina la kufanya. Kabla ya kumwambia kijana akajitafutie, ni vizuri kumuuliza mambo matatu: kazi ni saa ngapi kwa wiki, malipo yameandikwa wapi, na mitihani ikifika mwenye kazi atasemaje. Akikosa jibu la hata moja, kibarua hicho kitamgharimu muhula. Na kama anaweza kupata kazi ya msimu wakati wa likizo ndefu, iwe shambani au kwenye utafiti, hiyo ni salama zaidi kuliko kuuza usiku wake wa kusoma.

Mwaka wa fedha wa halmashauri huanza Julai, na makadirio yake hupitishwa miezi kadhaa kabla. Hiyo ina maana kwamba diwani wa Mkata au wa Mombo ana nafasi kila mwaka ya kuuliza swali moja ndani ya kikao: wanafunzi wetu wa fildi wamewekewa fungu gani? Wakipewa hata nauli na chakula, siku 56 zao zitaacha kuwa deni tupu. Kwa mara ya kwanza watakuwa wamefanya kazi nyumbani, na nyumbani patakuwa pamewalipa.